Gus Grissom alitundika limau, siku tano baadaye akafa

Jumapili, Januari 22, 1967, mwanamume mmoja mfupi mwenye nywele zilizonyolewa karibu na ngozi alitoka nyuma ya nyumba yake nje kidogo ya jiji la Houston, Marekani. Akaenda kwenye mlimau uliokuwa uani, akachuma limau moja kubwa. Mkewe, Betty, akamuuliza analipeleka wapi. Jamaa akajibu kwamba anaenda kulitundika kwenye chombo. Akambusu mkewe, akaenda zake kazini Florida. Hakurudi nyumbani tena akiwa hai.

Kwa Wamarekani, gari ambalo limetoka dukani likiwa bovu, lile ambalo kila wiki linarudi kwa fundi, huitwa limau. Sisi hapa tungeliita mkweche. Sasa fikiria: mtu anayetarajiwa kupaa angani baada ya wiki nne anatundika limau kwenye kifaa anachotumia kufanyia mazoezi ya safari hiyo. Huo haukuwa mzaha tu. Jamaa alikuwa akisema jambo kwa njia pekee aliyobaki nayo.

Jina lake kamili ni Virgil Ivan Grissom, lakini kila mtu alimwita Gus. Alikuwa mwanaanga wa NASA (na kabla uniulize, si ile NASA ya siasa zetu za 2017, ni lile shirika la Marekani la mambo ya anga). Nilikutana naye usiku mmoja nikiwa nimemaliza kutazama filamu ya roketi, nikaingia intaneti kutafuta ni watu wangapi waliofia mwezini. Jibu ni sufuri. Watu 12 wamekanyaga mwezi, na wote walirudi nyumbani. Waliokufa katika ile mbio ya kuutafuta mwezi walifia chini huku, wengi wao kwenye ndege za mazoezi, mmoja barabarani ndani ya gari, na watatu wakiwa wamelala kwenye viti vyao, juu ya roketi ambayo haikuwa imetiwa hata tone la mafuta. Gus alikuwa kiongozi wa hao watatu.

Alizaliwa Aprili 3, 1926, katika mji mdogo unaoitwa Mitchell, jimbo la Indiana. Babake alikuwa mfanyakazi wa reli. Hawakuwa masikini wa kulala njaa lakini pia hakukuwa na pesa za kuchezea, kwa hivyo kijana alisambaza magazeti asubuhi na jioni ili apate vijisenti vyake. Indiana ni jimbo linalopenda mpira wa vikapu kufa kupona, na Gus alikuwa mfupi mno kuingia timu ya shule. Huko shuleni ndiko alikompata Betty Moore, na wakaoana Julai 1945, yeye akiwa na miaka 19.

Wakati huo alikuwa jeshini. Alijiunga 1944 akitaka kuwa rubani wa kivita, lakini Vita vya Pili vya Dunia vikaisha kabla hajapata nafasi, akaishia kufanya kazi ya karani. Alipotoka jeshini akarudi Mitchell, akaajiriwa katika kiwanda cha kutengeneza bodi za mabasi. Kazi yake ilikuwa kuweka milango kwenye mabasi ya shule. Ndiyo, milango. Naomba ukumbuke hilo, tutalirudia.

Kufunga milango ya mabasi hakukumtosha. Mwaka wa 1946 akaingia Chuo Kikuu cha Purdue kusomea uhandisi wa mitambo. Serikali ya Marekani ilikuwa ikiwasaidia karo wanajeshi waliotoka vitani, lakini hela hiyo haikutosha kula na kulipa nyumba. Baada ya masomo Gus alikuwa akipika baga mkahawani, saa 30 kwa wiki, naye Betty alifanya kazi ya kuunganisha simu za mbali. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na karo ndiyo sababu ninayowapa watu wakiniuliza, kwa hivyo sehemu hii ya maisha yake niliisoma mara mbili. Alimaliza mwaka wa 1950. Maisha yake yote aliamini kwamba nusu ya digrii ile ni ya Betty.

Akarudi jeshini, safari hii katika kikosi cha wanahewa, akapata mabawa yake 1951 na kupelekwa Korea. Kuna hadithi inayosimuliwa sana kumhusu. Basi lililokuwa likiwapeleka marubani kwenye ndege zao lilikuwa na sheria yake: kama hujawahi kufyatuliwa risasi na ndege ya adui, husogelei kiti, unasimama. Gus alisimama siku ya kwanza tu. Alirusha ndege ya F-86 mara 100 katika vita hivyo, akaomba aongezewe safari 25, wakubwa wakamkatalia na kumrudisha nyumbani.

Baadaye akawa rubani wa majaribio. Hao ndio watu wanaopewa ndege ambayo haijawahi kuruka wala haijulikani kama itaruka, wanaambiwa wakaitazame. Mwishoni mwa miaka ya hamsini akaitwa Washington kwa barua ya siri, akiambiwa aje akiwa amevaa nguo za kiraia. NASA ilikuwa imepekua faili za marubani 508 ikisaka watu wa kwanza wa kupelekwa angani. Wakapimwa kila sehemu ya mwili ambayo inaweza kupimwa. Madaktari wakagundua kwamba Gus ana mzio wa chavua, yale mambo ya kupiga chafya maua yakichanua. Karibu aachwe. Akawaambia kwamba huko juu hakuna chavua. Hawakuwa na jibu. Aprili 9, 1959, akatangazwa miongoni mwa saba wa kwanza.

Sasa turudi kwenye milango.

Julai 21, 1961, Gus alikuwa Mmarekani wa pili kufika anga za juu, baada ya Alan Shepard. Chombo chake kiliitwa Liberty Bell 7. Safari nzima ilichukua dakika 15 na sekunde 37: kupanda, kuchungulia, kushuka, kutua baharini kwa parachuti. Kila kitu kilienda sawa mpaka chombo kilipokuwa kikielea majini huku helikopta ikija kukinyanyua. Chombo hicho kilikuwa na mlango wa aina mpya, uliofungwa kwa bolti zenye baruti ndogo ili mwanaanga akitaka kutoka haraka abonyeze tu, mlango uruke. Gus akiwa bado amelala anangoja, mlango ukaruka wenyewe. Maji yakaingia. Akajitupa nje.

Helikopta ya kwanza ikang'ang'ana kukiokoa chombo badala yake, na chombo kikiwa kimejaa maji kikawa kizito kuliko uwezo wa helikopta. Kumbe huku Gus naye anazama. Alikuwa amesahau kufunga tundu moja la hewa kwenye suti yake, na suti ilikuwa ikinywa maji. Juu ya hayo alikuwa amebeba sarafu kadhaa mfukoni, zawadi za kuwapelekea watu sarafu zilizofika angani, nazo zikawa zinamvuta chini. Marubani walimwona akipunga mikono wakadhani anawaashiria kwamba yuko sawa. Helikopta ya pili ilimfikia akiwa amekunywa maji ya bahari ya kutosha. Chombo kikaachiliwa, kikazama karibu mita 5,000.

Unajua kilichofuata. Watu walianza kusema jamaa aliogopa, eti alipaniki akabonyeza mwenyewe. Yeye alikana hadi mwisho kwamba hakugusa kitu. Kamati iliyochunguza ilimwondolea lawama, lakini lawama za watu haziondolewi na kamati. Shepard alikuwa amepokelewa Ikulu na rais. Gus alipewa nishani yake kwenye kambi ya jeshi huko Florida, na Betty alikaa na uchungu wa siku hiyo miaka mingi. Ushahidi mzuri zaidi wa kumtetea ulikuja Oktoba 1962, mwenzake Wally Schirra alipomaliza safari yake na kubonyeza kitufe cha mlango kwa makusudi. Kitufe kile kilirudi kwa nguvu hivi kwamba kiliujeruhi mkono wa Schirra licha ya kuvaa glovu. Gus alipotolewa majini hakuwa na hata mkwaruzo mkononi.

Lakini jina lilikuwa limeshachafuka. Mtu mwingine angejikunyata. Gus alijifungia kwenye kazi. Shepard alipopata tatizo la sikio na kuzuiwa kupaa, uongozi wa safari ya kwanza ya vyombo vya Gemini, vya watu wawili, ukamwangukia yeye. Alikuwa ameshiriki sana kuviunda, akilala kwenye viwanda, hadi wenzake wakalalamika kwamba chumba cha rubani kimepimwa kwa mwili wake. Ufupi uliomnyima mpira wa vikapu ulikuwa umelipa. Karibu wanaanga wengine wote hawakutoshea vizuri, ikabidi vile vilivyofuata virekebishwe.

Akakipa chombo chake jina Molly Brown, kutoka mchezo wa kuigiza wa muziki kuhusu mwanamke aliyenusurika meli ya Titanic na kuitwa asiyezama. Wakubwa wa NASA hawakufurahia utani huo. Wakamwomba jina la pili. Akawaambia jina lake la pili ni Titanic. Wakarudi kwa Molly Brown haraka sana.

Machi 23, 1965, yeye na John Young waliizunguka dunia mara tatu, na wakawa watu wa kwanza kukibadilisha chombo njia kikiwa angani, kitu ambacho bila hicho hakuna kwenda mwezini. Young alikuwa ameingiza sandwichi ya nyama kimagendo, akampa Gus katikati ya safari. Makombo yakaanza kuelea, ikarudishwa mfukoni, na kisa hicho kikafika mpaka bungeni. Walipotua majini, mbali na mahali palipopangwa, mawimbi yakawarusha huku na kule mpaka Gus akatapika. Akakataa kabisa kufungua mlango hadi wapiga mbizi wafike na kukivalisha chombo kola ya kukielea. Ningekuwa mimi pia nisingeufungua.

Basi Machi 1966 NASA ikamtangaza kuwa kiongozi wa safari ya kwanza ya watu katika mpango wa Apollo, mpango wa mwezini wenyewe. Deke Slayton, aliyekuwa akipanga nani anapaa na nani anabaki, alikuja kuandika baadaye kwamba kama Gus angekuwa hai, yeye ndiye angepewa nafasi ya kwanza ya kukanyaga mwezi. Wenzake walikuwa Ed White, Mmarekani wa kwanza kutoka nje ya chombo na kuelea angani, na Roger Chaffee, kijana wa miaka 31 ambaye hajawahi kupaa.

Chombo chao kilijengwa na kampuni ya North American Aviation kule California. Kilipoletwa Florida Agosti 1966, kazi 113 za maana zilizopaswa kufanywa kiwandani zilikuwa hazijakamilika. Baada ya kufika, maagizo mengine 623 ya kubadilisha hiki na kile yakatolewa. Chombo kilikuwa kikibadilika kila siku hivi kwamba kile kifaa cha mazoezi hakikuweza kukifuata. Unajifunzia kitufe mahali hapa, kesho kwenye chombo halisi kimehamishwa. Nyaya zilikuwa zimelala sakafuni mahali ambapo mafundi wanapita. Bomba za kupoza mitambo zilivuja. Kuta za ndani zilikuwa zimebandikwa Velcro, ile inayofunga viatu vya watoto kwa kunata, kiasi cha mita tatu za mraba na zaidi, kwa sababu huko juu hakuna mvuto na kila kitu lazima kibandikwe mahali. Velcro inashika moto vizuri sana.

Hao watatu waliona. Agosti hiyo hiyo walipiga picha wakiwa wamekaa mbele ya mfano wa chombo, vichwa vimeinama, mikono imeunganishwa kama watu wanaosali, wakampa Joseph Shea, meneja wa kazi hiyo. Waliandika kwamba wanamwamini, ila safari hii wameamua kumruka na kupeleka maombi juu zaidi. Kila mtu akacheka. Shea aliagiza vitu vinavyoshika moto viondolewe, lakini hakufuatilia kama vimeondolewa.

Mbona hawakusema kwa sauti? John Young alisimulia miaka mingi baadaye kwamba alimwendea Gus akamuuliza kwa nini halalamiki kuhusu nyaya zile, na Gus akamwambia kwamba akilalamika watamfuta. Huyu si karani. Huyu ni mwanaanga wa kwanza wa NASA kufika angani mara mbili, mpiganaji wa Korea, kiongozi wa safari. Lakini Aprili 1966 NASA ilikuwa imeajiri wanaanga wapya 19 kwa mpigo. Foleni ilikuwa ndefu, na yeye alikuwa tayari na lile doa la 1961. Mtu ambaye aliwahi kuitwa mwoga anawezaje kusimama tena kusema naogopa chombo hiki?

Niliwahi kufanya kazi ya mjengo miezi michache hapa Nairobi. Tulikuwa ghorofa ya nne, mbao za kusimamia zimefungwa kwa kamba iliyochakaa mpaka inatoa nyuzi. Kila mtu aliiona. Hakuna aliyefungua mdomo, maana nje ya geti kila asubuhi palikuwa na vijana zaidi ya kumi wamekaa kwenye mawe wakingoja mmoja wetu afutwe. Tulichofanya ni kuipa kamba ile jina la mchezaji mmoja wa mpira aliyezoea kuumia. Tukacheka, tukapanda. Ndiyo maana nikisoma kuhusu limau sicheki sana.

Ijumaa, Januari 27, 1967. Kazi ya siku hiyo ilikuwa jaribio la kawaida: wanaanga wanaingia chomboni juu ya roketi kwenye kituo nambari 34, wanafungiwa, nyaya za nje zinachomolewa, na watu wanahesabu kurudi nyuma kana kwamba wanapaa. Kwa kuwa roketi haikuwa na mafuta, jaribio hilo halikuwekwa kwenye orodha ya majaribio ya hatari. Hakukuwa na wazima moto wala madaktari waliowekwa tayari hapo juu.

Hatari yenyewe ilikuwa hewa. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 tu. NASA ilikuwa ikijaza vyombo vyake oksijeni tupu, kwa sababu gesi moja ni mitambo michache na uzito mdogo. Huko angani oksijeni hiyo huwa na presha ya chini, kama theluthi moja ya hewa ya kwetu, na moto hauna nguvu sana. Lakini chini, ili kupima kama chombo kinavuja, walikuwa wakiisukuma ndani mpaka presha inazidi ya nje. Katika hali hiyo cheche moja ni msiba. Vitu ambavyo kwa kawaida vingeyeyuka polepole huwaka kama karatasi iliyomwagiwa petroli. Walikuwa wamefanya hivyo katika safari zote za Mercury na Gemini na halikutokea lolote. Mtu akivuka barabara kuu bila kuangalia miaka sita mfululizo na asigongwe, anaanza kudhani barabara ni salama.

Halafu mlango. Chombo hiki hakikupewa mlango wa baruti kama ule wa Liberty Bell 7, na inaelezwa kwamba yaliyompata Gus mwaka wa 1961 yalichangia: hakuna aliyetaka mlango unaoruka wenyewe ukiwa njiani kwenda mwezini. Kikapewa mlango wa tabaka tatu, ambao wa ndani ulifunguka kuelekea ndani. Kuufungua kulichukua angalau sekunde 90 mambo yakiwa shwari. Presha ya ndani ikiwa juu kuliko ya nje, hewa yenyewe inausukuma mlango ujifunge zaidi, na hapo hakuna binadamu mwenye misuli ya kuuvuta.

Waliingia saa saba mchana. Gus akanusa harufu kama ya maziwa yaliyoganda kwenye hewa yake, kazi ikasimama zaidi ya saa moja ikichunguzwa, hawakupata kitu. Mawasiliano nayo yakawa mabovu, sauti zinakatika. Gus alikasirika, akauliza watafikaje mwezini ikiwa hawawezi hata kuongea kutoka jengo moja hadi jingine. Saa kumi na moja na dakika 40 jioni hesabu ikasimamishwa tena kwa sababu ya simu hizo hizo. Watatu hao walikuwa wamelala chali mle ndani kwa zaidi ya saa tano.

Saa kumi na mbili na dakika 31 sauti ikasikika kwenye redio ikitaja moto.

Kutoka neno hilo hadi sauti ya mwisho kulipita sekunde 17 hivi. Kila mmoja alikuwa akifanya alichofundishwa. White, aliyekaa katikati, alikuwa akihangaika na mlango juu ya kichwa chake. Chaffee, ambaye jukumu lake lilikuwa redio, alibaki kwenye kiti chake. Gus alitoka kwenye kiti chake cha kushoto. Ukuta wa chombo ukapasuka kwa presha, moshi ukafunika jukwaa lote, na mafundi waliokuwa nje wakaanza kupigana na ule mlango wakipokezana, wengine wakianguka kwa moshi. Iliwachukua dakika tano kuufungua. Kilichowaua watatu hao hakikuwa hasa kuungua bali ile hewa ya sumu waliyovuta suti zao zilipotoboka. Gus alikuwa na miaka 40. Wanawe, Scott na Mark, walikuwa na 16 na 13.

Wachunguzi walikifungua chombo kipande kwa kipande. Cheche iliyoanzisha moto haikupatikana kwa uhakika, ingawa dalili zilielekeza kwenye nyaya zilizokuwa chini upande wa kiti cha Gus. Walichopata kwa wingi ni uzembe. NASA ikasimamisha safari za watu kwa miezi 20 na zaidi. Mlango mpya ukaundwa, unaofunguka kuelekea nje kwa sekunde chache tu. Hewa ya kwenye kituo cha kurushia ikachanganywa na nitrojeni. Nailoni ya suti ikatolewa, kikawekwa kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za kioo ambacho hakishiki moto. Nyaya zikafunikwa. Oktoba 1968 Schirra aliongoza Apollo 7 bila tatizo kubwa, na Julai 1969 Armstrong akakanyaga mwezi. Chombo kilichompeleka na kumrudisha kilikuwa kile kilichorekebishwa baada ya moto.

Kinachouma zaidi ni kwamba onyo lilikuwa limeshatolewa na maiti nyingine. Machi 23, 1961, miaka minne kamili kabla ya safari ya Molly Brown, mwanaanga wa Kisovieti aliyeitwa Valentin Bondarenko, umri miaka 24, alikuwa akifanya mazoezi kwenye chumba kilichojazwa oksijeni nyingi. Akajifuta mwili kwa pamba yenye spiriti, akaitupa, ikaangukia jiko la umeme. Presha ya ndani ilizuia mlango usifunguliwe haraka. Akafa hospitalini. Serikali ya Kisovieti ilikificha kisa hicho, hata jina lake likafutwa kwenye picha, na dunia haikujua hadi 1986. Hatuwezi kusema NASA ingesikia. Lakini haikupewa hata nafasi ya kutosikia.

Mwaka wa 1971 wanaanga wa Apollo 15 waliacha mwezini kibao kidogo chenye majina 14 ya waliokufa, Wamarekani na Wasovieti pamoja, kikiwa kando ya sanamu ya aluminiamu ya urefu wa kidole. Gus yumo. Bondarenko hayumo, kwani hakuna Mmarekani aliyejua kwamba aliwahi kuwepo.

Betty hakunyamaza kama mumewe alivyolazimika kunyamaza. Aliishtaki kampuni iliyojenga chombo kile, jambo lililowakasirisha wengi waliodhani mjane wa shujaa anafaa kukaa na bendera yake kimya. Mwaka wa 1972 kampuni ilikubali kumlipa dola 350,000. Alizidi kulitetea jina la Gus kuhusu ule mlango wa 1961 hadi alipofariki 2018.

Na Liberty Bell 7? Julai 1999 kikundi cha watafutaji kilikitoa chini ya bahari baada ya miaka 38. Walipokisafisha walikuta baadhi ya zile sarafu bado zimo ndani. Mlango wake haujapatikana mpaka leo. Ule wa Apollo 1, NASA iliufungia ghalani miaka 50, na Januari 27, 2017, ukawekwa Florida mahali ambapo wageni hupita na kuutazama, tabaka zote tatu.